Kifo Katika Dansi la Sinza

Wako watu wenye busara waaminio kuwa kifo na dansi havistahili kuwekwa chini ya paa moja. Kwao kifo kina mahali pake: msikitini, kanisani, makaburini, na katika ua wa mfiwa ambamo jamaa hukaa chini mpaka matanga yaishe. Dansi nalo lina mahali pake, na mtu aliyefiwa hulikwepa hata siku zake zipite. Mpaka huu ni wa adabu, na adabu si kitu cha kudharauliwa. Lakini alikuwako mwanamuziki mmoja aliyeuvuka usiku baada ya usiku, mbele ya watu waliolipa kiingilio ili wafurahi, na watu hao hawakumfukuza. Walimwita Dokta, wakarudi tena wiki iliyofuata.

Mwanamuziki huyo ni Remmy Ongala, ambaye jina lake la kuzaliwa lilikuwa Ramadhani Mtoro Ongala. Alizaliwa Kindu, mashariki ya Kongo, mwaka 1947. Mwaka 1978 alifika Dar es Salaam kujiunga na Orchestra Makassy, kisha akawa kiongozi wa Super Matimila, na tarehe 13 Desemba 2010 akafariki dunia nyumbani kwake Sinza. Mtaa huo ulikuwa sehemu ya Kinondoni kwa miaka mingi, na sasa umo katika Manispaa ya Ubungo. Viwanja vyake vilipimwa katika miaka ya 1970, chini ya mpango wa viwanja na huduma uliosaidiwa na Benki ya Dunia. Nyumba za kuishi zikasimama, na kando yake zikasimama baa na kumbi ambazo hazikuwamo katika ramani ya mtu yeyote. Abiria wa daladala apitaye huko husikia kondakta akitaja vituo viwili ambavyo hakuna mtunzi wa hadithi angethubutu kuviweka katika njia moja: kimoja huitwa Makaburini, na kingine huitwa Kwa Remmy.

Kutoka Sinza hadi Mlimani, kilipo Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, si mwendo mrefu. Mtu mwenye miguu mizima aweza kwenda na kurudi asubuhi moja asichoke. Mwendo wa fikira umekuwa mrefu zaidi. Nyimbo za dansi zilipotazamwa na wasomi, aghalabu zilitazamwa kama maneno yaliyonakiliwa karatasini, yakapimwa kwa mizani ya ushairi wa vina ambayo Amri Abedi aliieleza katika Sheria za Kutunga Mashairi mwaka 1954, yakaonekana mepesi. Beti hazilingani. Vina huja na kupotea. Neno moja hurudiwa mara kumi. Msomi akaweka kalamu chini akasema kuwa hapa pana mafunzo mema, lakini ushairi ni haba. Mhubiri kwa upande wake alisikia wimbo huohuo kutoka dirishani, akasema kuwa hapa pana maneno mema, lakini watu wanayakanyaga kwa miguu. Hukumu hizi mbili zaonekana kupingana, na kumbe ni moja: zote zimeutenga wimbo na ukumbi wake.

Yafaa basi kuutazama wimbo mahali ulipofanyiwa kazi. Nyimbo za Remmy zinazohusu kifo ni zaidi ya moja. Siku ya Kufa, aliyoitunga katika siku zake za Makassy, ilizaliwa na msiba wa rafiki. Baadaye ulikuja ule ulioitwa Kifo tu, bila pambo, na huo ndio uliobaki midomoni mwa watu. Ndani yake kifo huitwa kwa jina, kama mtu aitwavyo barazani kujibu mashitaka, na kulaumiwa kwa ukatili wake. Jambo hili lenyewe ladai kutazamwa. Katika matanga ya watu wengi wa pwani na bara, kifo hakilaumiwi. Mfiwa huambiwa kuwa ni kazi ya Mungu, na wajibu wake ni kusubiri. Manung'uniko yapo moyoni, lakini hayana kiti katika mkutano. Remmy aliyapa kiti. Alisema mbele za watu, kwa sauti nzito yenye mikwaruzo, lile ambalo kila mfiwa huwa amelimeza pamoja na chai ya msibani.

Kama wimbo ungekwisha hapo, ungekuwa ombolezo, na maombolezo Tanzania inayo mengi. Alipofariki Edward Sokoine mwaka 1984, na alipofariki Mwalimu Nyerere mwaka 1999, bendi na kwaya zilitunga nyimbo za huzuni, na redio ikazipiga. Nyimbo hizo hazikutungwa ili watu wacheze, na haikuwa taabu kujua adabu yake. Taabu ya Kifo ni kwamba ni wimbo wa dansi kamili. Umejengwa kama nyimbo nyingine za dansi za Dar es Salaam zilivyojengwa katika zama zile: kwanza sehemu ya polepole, ambamo mwimbaji hueleza habari na magitaa humwachia nafasi, halafu kiitikio, halafu chemko, au sebene kama wasemavyo Wakongo, ambamo mwendo huongezeka, gitaa la solo hupanda juu, gitaa la kati hulijibu, besi na tumba hushika chini, na maneno huachwa nyuma au hubaki vipande vichache vinavyorudiwa. Katika sehemu ya kwanza watu wengi huwa wamekaa, au hucheza kwa kujizuia. Katika ya pili huinuka.

Hapa ndipo pa kusimama. Msomi anayenakili maneno hukoma pale chemko linapoanza, kwa sababu hakuna tena cha kunakili. Mchezaji aliyekuja kwa ajili ya chemko huanza kuwa makini palepale. Kila mmoja amepata nusu ya wimbo. Lakini maana ya Kifo haimo katika nusu yoyote. Imo katika kiungo, katika dakika ile ambapo mtu aliyekaa akisikiliza kuwa kifo hakibembelezeki anajikuta amesimama. Hakuambiwa asimame. Hakupewa sababu ya kufurahi; habari aliyopewa ni mbaya mno. Hata hivyo mwili wake umejibu. Mwimbaji amekishitaki kifo kwa maneno, na shitaka hilo halina hakimu wala hukumu; magitaa hayawezi kumleta aliyekufa, lakini yaweza kuonyesha kwamba walio hai wangaliko. Jibu hilo ni dogo. Ukubwa wake ni kwamba halidanganyi.

Mtu akisema kuwa hili ni geni katika desturi zetu, na atazame misiba yenyewe, asiishie katika ile ya mijini inayoendeshwa kwa ratiba. Makabila mengi ya Tanzania yana utani: Wanyamwezi na Wazaramo, Wahehe na Wangoni, na wengine wengi. R. E. Moreau, aliyekuwa mtaalamu wa ndege huko Amani kabla ya kugeukia mambo ya watu kwa muda, aliandika juu yake katika miaka ya 1940, na katika miaka ya 1970 Stephen Lucas na wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walikusanya habari zake kwa mapana. Kazi ya mtani msibani yajulikana. Hufika mfiwa akiwa hajiwezi kwa kilio, akaiga mwendo wa marehemu na namna yake ya kusema. Huvaa nguo zake. Hulalamika kuwa marehemu amekufa na deni lake. Hushuka kaburini akalala humo, akakataa kutoka mpaka alipwe. Waliokuwa wakilia hucheka, na kicheko hicho hakihesabiwi kuwa dharau. Mgeni asiyejua utani angemwita mwendawazimu. Mwenyeji ajua kuwa mtani amepewa ruhusa ya kufanya ambalo hakuna ndugu awezaye kulifanya: kulitazama kaburi kwa karibu, na kuwaonyesha wengine kuwa linatazamika.

Remmy alikuwa mtani wa mji. Dar es Salaam ya miaka ya 1980 ilikuwa imejaa watu waliotoka kila pembe, ambao watani wao walibaki mbali au walichanganyika hata wasijulikane. Yeye mwenyewe alikuwa mgeni kuliko wote, Mkongo mwenye Kiswahili cha Kindu. Ugeni huo ulimpa ruhusa ya mtani: aliweza kusema wazi kwa sababu hakuwa ndugu wa mtu. Wasanifu wa lugha walikuwa na haki ya kutikisa vichwa mara kwa mara. Hata katika sahani yake ya Mambo ya mwaka 1992 wimbo mmoja umeandikwa Inchi Yetu, kwa matamshi ya kwao. Lakini wasikilizaji wa Sinza na Manzese hawakumdai usanifu. Walimdai ukweli juu ya hali ya mnyonge, neno ambalo yeye alilifanya karibu kuwa jina la chama chake: moja ya nyimbo zake zijulikanazo sana ni Sauti ya Mnyonge. Na katika mambo ya mnyonge kifo kina nafasi ya pekee, kwa kuwa ndicho kitu kimoja ambacho tajiri hana njia ya kukipita foleni.

Fasihi ya Kiswahili ilikuwa na utungo wake mkuu wa giza kabla ya kuwako magitaa. Al-Inkishafi ya Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir, iliyotungwa katika nchi ya Pate na kuchapishwa na William Hichens mwaka 1939, imejaa yote ambayo watu wa Ulaya hupenda kuyaona katika hadithi zao za kutisha: majumba makubwa yaliyobaki magofu, kumbi zilizokuwa na taa na mito ya kukalia, na sasa ni makao ya popo, bundi na wadudu. Mshairi anauonya moyo wake. Anaushika mkono na kuupitisha katika vyumba vilivyokuwa na karamu, ili uone mwisho wa karamu. Huo ndio utaratibu wa wakati katika Al-Inkishafi: furaha ilikuwako, kifo kikaja, mshairi akafika baadaye akakuta vumbi. Anayesoma yumo upande wa baadaye pamoja naye, na kutoka hapo aweza kuelekezwa kwenye toba.

Ukumbi wa Sinza umeupindua utaratibu huu. Taa bado zinawaka, vinywaji vingali mezani, waliopambwa wangali wanapambika, na kifo kinatajwa humohumo. Hakuna aliyefika baadaye. Msikilizaji hapewi nafasi ya kutazama magofu ya watu wengine. Ukumbi alimokaa ndio utakaokuwa gofu, na yeye yumo. Kwa hiyo, ingawa maneno ya Remmy ni mepesi kwa sanaa kuliko ya Sayyid Abdalla, na hakuna haja ya kuficha kuwa ni mepesi mno, hali anayomweka msikilizaji wake ni ngumu kuliko ile ya msomaji wa Al-Inkishafi. Sayyid Abdalla anao mlango wa kutokea, nao ni dini. Katika wimbo wa Sinza lawama ndiyo inayotawala, na mlango ulio wazi ni ule wa kiwanja cha kuchezea.

Ulaya nako kifo kimewahi kuletwa kwenye burudani, na kulinganisha kwaweza kusaidia. Mwaka 1892 palifunguliwa Paris, katika mtaa wa Montmartre, kabare iliyoitwa Cabaret du Néant, yaani Kabare ya Utupu. Wageni walikaa kwenye meza zilizokuwa majeneza, wakahudumiwa na watumishi waliovaa kama wazikaji, na vinywaji vilipewa majina ya maradhi. Huko Berlin, mwaka 1928, Bertolt Brecht na Kurt Weill walionyesha mchezo wao wa nyimbo wa wezi na ombaomba, na tangu hapo wimbo mtamu wenye habari ya mauaji ukawa silaha ya kuwacheka matajiri. Kisha mwishoni mwa miaka ya 1970 likazuka Uingereza kundi la vijana waliojivika nguo nyeusi na kujipaka poda nyeupe usoni, na muziki wao ukaitwa wa kigothi. Wimbo unaohesabiwa kuwa mmoja wa misingi yake ulitolewa mwaka 1979 na bendi ya Bauhaus. Habari yake ni kifo cha Bela Lugosi, mwigizaji aliyefariki mwaka 1956, na ambaye sifa yake kubwa ilikuwa kuigiza mfu asiyekufa katika filamu ya Dracula ya mwaka 1931. Wimbo huo una zaidi ya dakika tisa, na karibu dakika tatu za mwanzo hakuna sauti ya mtu: ngoma na magitaa hutandaza giza kwanza, na mwimbaji huingia ndani yake kama aingiaye nyumba iliyokwisha pambwa.

Tofauti ya umbo hapa yaeleza tofauti ya mambo mengi. Kwa Bauhaus, vyombo hutangulia na neno hufuata. Giza ni mandhari, na kifo chenyewe ni cha mtu wa senema aliyekuwa akicheza kufa. Kwa Remmy neno hutangulia, nalo ni habari ya mtu wa kawaida aliyekufa kweli, na vyombo hufuata kubeba kilichobaki. Vijana wa kigothi walitoka katika nchi ambayo wagonjwa wengi hufia hospitali na mazishi hushikwa na wenye kazi hiyo. Kifo kimeondolewa nyumbani, na ndiyo maana wakakitamani kama pambo. Hakuna ubaya katika hilo, na wako wanamuziki wa aina hiyo wenye akili nyingi. Lakini meza ya jeneza ni samani. Katika Dar es Salaam hakuna haja ya samani hiyo. Turubai lile lile linalofunga mtaa Ijumaa kwa msiba huufunga Jumamosi kwa harusi, na viti vya plastiki ni vile vile, vimekodiwa kwa mtu yule yule.

Hata mavazi yaeleza jambo hilo. Remmy alipopanda jukwaani huko Ulaya, nywele zake ndefu zilizosokotana zilionekana na wengi kuwa alama ya Urasta au pambo la msanii. Habari yake ya kuzaliwa, ambayo imesimuliwa mara nyingi, ni nyingine. Mama yake alikuwa amefiwa na watoto waliomtangulia. Mganga akamwagiza kuwa mtoto huyu nywele zake zisikatwe. Naye alizaliwa akiwa na meno mawili ya mbele, jambo lililochukuliwa kuwa dalili ya uganga. Nywele hizo basi zilikuwa kinga dhidi ya kifo kabla hazijawa kitu cha kutazamwa. Kijana wa kigothi hujivika kifo apate kutofautiana na jirani zake. Mtoto wa Kindu alifugishwa nywele apate kubaki miongoni mwao.

Jaribio kubwa la utani huu wa mji lilikuja na ukimwi. Wagonjwa wa kwanza nchini walitangazwa mkoani Kagera mwaka 1983, na kufikia mwisho wa mwongo ule kila ukoo ulikuwa na kaburi ambalo sababu yake haikutajwa. Yalitumika majina ya kuzungukazunguka. Msiba ulihudhuriwa na wote na ugonjwa haukujulikana kwa yeyote. Mwaka 1990 Remmy alitoa Mambo kwa Soksi. Soksi ni kondomu, na kila mtu alielewa. Radio Tanzania ilikataa kuupiga wimbo huo, nao ukaenea kwa kanda na kumbini. Hapa mtani ameshuka kaburini wazi kabisa. Amechukua kifo kilichofichwa kuliko vyote, akakivika jina la vazi la miguuni, na watu wakacheka. Jina la kuchekesha lilifanya kazi ambayo mabango ya serikali hayakuiweza: liliwapa mume na mke, au msichana na mvulana, neno la kulisema kwa sauti bila ya kuona haya. Haiwezekani kujua wangapi walinusurika kwa sababu ya neno hilo, na mhakiki hana haja ya kuhesabu. Kazi yake ni kuona kuwa kicheko kile kilikuwa na kifo ndani yake, na kwamba bila kifo hicho kingekuwa upuuzi.

Si kila kilichoimbwa na Remmy kilifikia kiwango hiki. Alikuwa na udhaifu wa wasema kweli wote, yaani kusema zaidi ya inavyotosha. Ziko nyimbo ambazo sehemu ya maneno imegeuka mawaidha, mwimbaji akiongea juu ya magitaa kama mwenyekiti wa mkutano wa mtaa, na chemko linapofika ni kama ahueni ya kumaliza hotuba. Katika nyimbo hizo kiungo kimevunjika: mtu hucheza kwa kuwa mawaidha yamekwisha, si kwa kuwa yamemgusa. Na mhubiri wa dirishani akisema juu ya nyimbo hizo kuwa dansi na maneno havikuoana, atakuwa amesema kweli.

Safari za ng'ambo zilileta mtihani wa namna nyingine. Tangu mwaka 1988 bendi ilialikwa katika matamasha ya WOMAD, na kampuni ya Real World ya Uingereza ikatoa Songs for the Poor Man mwaka 1989 na Mambo mwaka 1992. Heshima hiyo ilistahili, na sauti iliyopatikana katika studio zile ni safi kuliko ile ya kanda za nyumbani. Lakini mbele ya wasikilizaji wasiojua Kiswahili, kiungo kile kinakuwaje? Watazamaji wa tamasha hucheza tangu gitaa la kwanza. Hakuna aliyekaa akisikiliza habari mbaya, na hivyo hakuna anayeinuka. Yamkini Remmy alilihisi jambo hili, maana katika Mambo baadhi ya nyimbo zimebeba majina ya Kiingereza. Tafsiri yaweza kuhamisha habari. Haiwezi kuhamisha kimya cha mtu aliyetoka kuzika juzi, naye amekaa meza ya pembeni na soda yake, akijiuliza kama imekwisha kuwa halali kwake kusimama.

Katika miaka yake ya mwisho, akiwa na maradhi, Remmy aliingia wokovu, akaliacha dansi, akaimba nyimbo za Injili. Wako waliolichukua tendo hilo kuwa ni ushahidi dhidi ya nyimbo zake za zamani, kana kwamba mshitaki mkuu amegeuka shahidi wa upande wa pili. Imani ya mtu si mali ya mhakiki. Lakini kwa nyimbo zenyewe yaweza kusemwa hivi: katika wimbo wa Injili kifo kina jibu tangu ubeti wa kwanza, na mwimbaji anajua mwisho wa habari kabla ya kuianza. Aliyeimba Kifo hakuwa na jibu hilo mkononi, au hakulitumia. Mtu aweza kupata jibu uzeeni na swali lake la ujanani likabaki kuwa swali zuri. Watu wa mtaa, ambao waliheshimu wokovu wake, hawakubadili jina la kituo.

Leo nyimbo hizi ni zilipendwa. Katika baa za Sinza, na kwingineko jijini, bendi huzipiga mwisho wa juma mbele ya watu ambao baadhi yao hawakuwa wamezaliwa zilipotungwa. Kwa mtu anayetaka kuhakiki kwa haki, hapo ndipo pa kwenda, maana kanda iliyorekodiwa kwa redio ilibanwa na saa, na ukumbi haukubanwa. Lakini akifika asikilize jinsi wanavyopiga. Bendi yenye haraka, inayojua kuwa wateja wamekuja kucheza, hupunguza beti, hutaja jina la wimbo mara mbili tatu, na kukimbilia chemko. Gitaa laweza kuwa hodari kabisa, na kiwanja kikajaa mara moja. Kitu kilichokuwa cha Remmy kitakuwa kimekwisha ondoka, kwa kuwa hakuna aliyepewa la kumkalisha. Bendi yenye subira huzipiga beti zote kwa mwendo wake. Wazee huacha kuzungumza. Vijana hushika simu zao wakingoja, na wachache kati yao, wasiojua bado ni kwa nini, huzifunika juu ya meza. Mpiga solo hukaa kimya karibu na spika yake, mkono juu ya nyuzi, akimtazama mwimbaji kwa jicho la pembeni ajue ni neno lipi la mwisho.